Mikono Miwili kwa Jina Moja

Kazi yangu ni kupiga pasi. Napiga pasi katika chumba cha nyuma cha dobi mmoja mkubwa, mashuka ya nyumba za wageni na mashati ya watu wa maofisini. Chumba kina meza tatu ndefu, madirisha mawili yasiyofunguka, na feni inayozungusha joto lile lile. Nina miaka arobaini na minane. Wenzangu wananiita Pasi, na hata ukimuuliza aliyeniajiri jina langu kamili atakwambia ngoja akatafute kwenye daftari.

Jina langu analo mdogo wangu. Sikulipoteza, nilinyang'anywa, na nitaeleza ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipofaulu mtihani wa darasa la saba. Mdogo wangu, aliyenifuata kwa mwaka mmoja, aliufanya mtihani ule ule, chumba kile kile, akafeli. Barua ya kuniita sekondari ilikuja ikiwa na majina yangu matatu yamepigwa chapa. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Mama alikuwa wiki ya tisa kitandani. Upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umemkataa.

Baba mdogo ndiye aliyekuja na maarifa. Alikuwa mtu wa maarifa ambayo mzigo wake hubebwa na mwingine.

"Huyu mkubwa ana mikono," alisema, akinionyesha kwa kidevu kama mtu anayechagua jembe dukani. "Mgonjwa ataoshwa na nani? Huyu mdogo ana kifua, maji ya baridi yatamuua. Mpelekeni yeye na barua hii. Wanafanana. Jina halichakai kwa kuvaliwa na wawili."

Baba hakusema ndiyo wala hapana, na nyumbani kwetu hiyo ilikuwa ndiyo.

Mdogo wangu alinifuata jikoni. "Dada, naliazima tu," alisema. "Nikimaliza shule nitakurudishia." Tulikuwa watoto. Mimi nilikubali kama mtu anayemwazima mwenzake gauni la kwenda nalo harusini, na nikaendelea kuchochea moto.

Mama aliishi miaka sita baada ya hapo. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha kwa kijiko. Likizo mdogo wangu alirudi na madaftari, na juu ya kila daftari kulikuwa na jina langu kwa mwandiko wake mzuri. Akaenda chuo na jina langu. Akaajiriwa nalo, masjala, katika ofisi moja ya serikali, pale yanapokaa mafaili ya watumishi wote. Akaolewa nalo. Siku tuliyomzika mama, aliyekuwa akisoma majina ya watoto wa marehemu alilisoma jina langu mara moja. Mdogo wangu akainua kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nawanawisha watu.

Kitambulisho changu nilikipata baadaye kwa cheti cha kuzaliwa, ofisi nyingine, enzi makaratasi hayajaanza kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Yeye alipata chake kwa cheti cha shule. Majina matatu yale yale, tarehe ya kuzaliwa ile ile. Kwenye ukoo, ili watu wasijikwae, mimi nikawa Dada. Hata mashangazi walionibeba mgongoni wananiita Dada. Nilipoolewa, mume wangu, dereva wa magari ya masafa, naye aliniita Dada mpaka siku aliyoniacha kwa simu akiwa mji mwingine.

Basi mwanzoni mwa mwaka jana mdogo wangu akanipigia. Yeye hapigi bila shida, kwa hiyo niliweka pasi pembeni kwanza.

"Dada, karata bado unacheza?"

"Nacheza na maisha, na nafungwa kila siku. Sema shida yako."

Akacheka. Akanieleza kwamba ofisini kwao wana timu ya watu watatu kwenye mashindano ya mtandaoni, na mmoja wao, mpiga chapa, amehamishwa kituo. Wanahitaji wa tatu, na si lazima awe mtumishi. Wa pili alikuwa mkubwa wake wa kazi, Mkuu wa Masjala, mgane wa miaka hamsini na kitu, mtu aliyenyooka kama rula. Tangu afiwe na mkewe, mchezo huo ndio ulikuwa unamtoa msibani akiwa amekaa kitini.

Mchezo unaitwa Ngazi Tano. Haufanani na karata tulizozoea, kwa sababu hakuna unayemfunga. Watatu nyinyi mnajenga pamoja ngazi za rangi tano, kila rangi kuanzia moja hadi tano. Ukipanga zote unapata ishirini na tano, ndiyo mwisho wa ubora. Ugumu wake uko hapa: karata zako huzioni. Wenzako wanaziona, wewe unaona mgongo tu. Na hawaruhusiwi kukuambia, ila kwa kidokezo kimoja kwa zamu: "hizi mbili ni nyekundu," au "hii ni tatu," basi. Kila kidokezo kinazima taa moja, na taa ziko nane kwa timu nzima. Ukitaka taa iwake tena, lazima mtu atupe karata, na akitupa isiyotupika, ngazi ya rangi ile imekufa. Maongezi ni marufuku mpaka mchezo uishe.

Siku ya kwanza nilipoelezwa nilimwambia mdogo wangu, "Huu mchezo naujua. Watu wote wanaona nilicho nacho, na wote wamenyamaza." Alijifanya simu inakatika.

Lakini niliupenda. Siwezi kudanganya. Kupiga pasi kumenipa kichwa ambacho shule isingenipa. Kwangu zinapita nguo mia tatu kwa siku na sijawahi kubandika kibandiko. Namjua mwenye shati kwa kola yake, na nakumbuka kilichotoka na kilichobaki. Kwenye karata ilikuwa vivyo hivyo. Nilijua kila iliyotupwa, ya nani, zamu ya ngapi. Nikawafundisha na kupanga. Niliwaambia, karata ni kama nguo kwenye rundo: mpya iweke juu, ya zamani iko chini, na ukilazimika kutupa, tupa ya chini kabisa ambayo hakuna aliyeigusa kwa kidokezo. Kwa hiyo mwenzako akiona ya chini yako ni ya thamani, ataiwahi. Asipoigusa, kimya chake kimeshakwambia itupe. Tangu siku hiyo taa zikaanza kututosha.

Tulicheza saa ya chakula cha mchana, wao ofisini kwao, mimi nimekaa juu ya furushi la mashuka. Jina langu kwenye mchezo lilikuwa Pasi. Mdogo wangu alijiita Faili. Mkuu alijiita Mkuu, kwa sababu hakuwa mtu wa mzaha mpaka umfungue. Mchezo ukiisha tulipigiana simu ya watatu, na hapo ndipo raha ilipokuwa.

"Faili, ile mbili ya kijani umeitupa, ilikukosea nini?"

"Nilidhani imeshatoka, Mkuu."

"Ulidhani. Masjala nzima unaikumbuka kwa kichwa, karata tano zinakushinda."

"Mwache, Mkuu," nilisema. "Yeye amezoea vitu vyenye jina juu."

Mchezo wa mwisho wa makundi taa zote zilikuwa zimezimika na karata za kuchota zimeisha. Tulikuwa na ishirini na nne. Mkononi nilikuwa na karata moja niliyodokezwa zamani kuwa ni tano, rangi siijui. Kila rangi ina tano moja tu. Ya nyekundu ilikuwa mezani, ya njano mezani, ya kijani mezani, na ya nyeupe mezani. Nikaweka yangu bila kuuliza mtu. Buluu. Ishirini na tano.

Simu ikalia kabla sijapumua. "Dada Pasi," Mkuu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama, "wewe ulisoma wapi?"

"Nilisoma mashati, Mkuu."

"Hapana, nauliza kweli. Kichwa kama hiki kilipita shule gani?"

Mdogo wangu akacheka kwa nguvu kuliko utani ulivyostahili, akasema saa ya kurudi kazini imefika. Mimi nilibaki na swali lile. Kwa miaka thelathini na nne hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Tuliingia fainali, timu nane kati ya mia mbili. Waandaaji walisema majina kamili ya wachezaji wote yatatangazwa, na kila mshindi atapewa cheti. Nilisema sijali. Nilijali mno. Nilitafuta mahali pa kukitundika ukutani, nikapata, juu ya kitanda, palipokuwa na kalenda. Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia hii chenye jina langu nilichokifanya mimi.

Kwa ajili ya fainali kila mchezaji alitakiwa atume picha ya kitambulisho chake. Nikatuma changu. Yeye akatuma chake. Kosa lile lisingefanywa na watu wengine wowote. Miaka yote ile hatukuwahi kuviweka vitambulisho vyetu meza moja, kila mmoja anacho kwake, na kila mmoja amezoea kukitazama kama chake peke yake. Hata yeye, mtu wa mafaili, hakufikiri.

Alhamisi adhuhuri nikamwona mlangoni kwetu, kwenye mvuke, na mkoba wake ameukumbatia kifuani. Hakuwahi kufika pale. Wenzangu walimpisha wakidhani ni mteja amekuja kulalamikia nguo.

"Dada, kuna neno."

"Sema. Pasi haisikii."

Akanipa simu. Ujumbe ulikuwa umekuja kwake kama nahodha. Waandaaji walisema: Pasi na Faili wana jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa, na picha zinazofanana. Inaonekana ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Toeni maelezo kabla ya Jumamosi saa sita mchana.

Asiyeujua mchezo ataona ni jambo dogo. Kwenye Ngazi Tano hakuna wizi mkubwa kuliko huo. Mtu mwenye mikono miwili anaona karata zake mwenyewe, maana mkono wa kushoto unaona wa kulia, na wa kulia unaona wa kushoto. Timu inafutwa, na inaandikwa kuwa ya wezi.

"Rahisi," nilimwambia. "Tukae wawili mbele ya kamera. Wataona sura mbili."

"Wataona sura mbili na jina moja, Dada. Watauliza, na Mkuu atakuwepo anasikiliza."

"Asikilize."

"Mwezi uliopita amemwondoa mtu kazini. Alikutwa na cheti cha kaka yake. Miaka kumi na tisa ya kazi, akaambiwa akabidhi funguo siku hiyo hiyo. Barua ile niliichapa mimi. Na aliyetia sahihi upande wa shahidi ni mimi pia."

"Kwa jina langu."

Shuka lilikuwa linaungua kidogo mbele yangu, nikaiondoa pasi.

"Kwa hiyo umekuja kutaka nini?"

Alikuwa ameshaandika. Mtu wa ofisi haji mikono mitupu. Akafungua mkoba, akanitolea karatasi iliyokunjwa mara moja. Ilisema hivi: mimi, ninayecheza kwa jina la Pasi, sikuwa na kitambulisho changu, nikachukua picha ya kitambulisho cha zamani cha mdogo wangu bila yeye kujua nikaituma kama yangu. Naomba radhi kwa waandaaji na kwa timu. Mdogo wangu hana kosa.

Niliisoma taratibu. Nilitaka kila neno linipite vizuri.

"Unataka niseme nimekuibia," nilisema.

"Dada..."

"Umelala na jina langu miaka thelathini na nne, na leo unataka nikiri kwamba mwizi ni mimi. Kweli umevaa miwani ya mbao."

"Wewe watakutoa kwenye mchezo tu. Mimi watanitoa kwenye maisha." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetereka. Masjala imemfundisha. "Na usidhani mimi sikupoteza kitu. Mpaka leo mtu akiniita ghafla nyuma yangu nachelewa kugeuka."

"Lakini unageuka. Mimi sigeuki kabisa."

Wasichana wa kufua walikuwa wamepunguza kelele, wanakunja mashuka kama watu wanaopanga mayai. Nikamvuta mdogo wangu mpaka nyuma ya rafu za blanketi. Nikamwambia nitaandika, kwa sharti moja. Aniite kwa jina langu. Pale pale, mara moja, ananitazama usoni, halafu nitanakili karatasi yake neno kwa neno.

Alitazama chini. Akatazama mlango. Hatimaye akalitamka, majina yote matatu, kwa utaratibu, mabega yamenyooka.

Lilimtoka kama mtu anayejitambulisha. Ndivyo anavyolisema kila siku kwa wageni wanaoingia ofisini, na hakuwa na namna nyingine ya kulisema. Nilingoja nisikie ninaitwa. Sikusikia. Nadhani naye aligundua hilo, kwa sababu alifunika mdomo.

"Basi," nilimwambia. "Nenda. Nitatuma."

Sitasema nilifanya kwa upendo, upendo umeshapigwa pasi mpaka ukatoboka. Wala sikumwonea huruma sana. Nilichofikiri ni hiki: jina lile likifukuzwa kazi kwa aibu, litakalofukuzwa ni langu. Pale masjala halijawahi kuchelewa hata siku moja. Limepandishwa cheo mara nne, limeandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe, watu wanasimama wakilisikia. Mema yote ambayo jina langu limewahi kufanya, limeyafanya likiwa juu ya mwili wa yule mwanamke. Ningeliangusha ili nipate nini? Cheti cha karata.

Nikanakili. Nikatuma siku ile ile, kabla ya saa ya kufunga.

Ijumaa nilifanya kazi kama kawaida. Msichana wa meza ya pili, asiyejua kunyamaza, aliniuliza yule mgeni alikuwa nani.

"Mdogo wangu."

"Mbona anafanana na mtu mwenye ofisi?"

"Anayo."

"Na wewe, Pasi, ukakosaje?"

"Nilikuwa na mikono," nilisema. Akacheka, akadhani ni utani, akarudi kwenye foronya zake.

Jumamosi saa tatu asubuhi Mkuu akanipigia mwenyewe. Alikuwa amepelekewa nakala ya maelezo yangu. Nilitoka nje, kwenye kibaraza cha kuanikia, nikasimama katikati ya mashuka ili nisionekane.

"Dada Pasi, nimeisoma barua yako."

"Ndiyo, Mkuu."

"Imeniuma. Nilitaka niseme hivyo kwanza. Sijawahi kucheza na mtu kama wewe."

"Asante."

"Lakini acha nikwambie kama kaka yako. Mimi kazi yangu ni majina ya watu. Jina la mtu si kanga, halichukuliwi kwenye kamba ya jirani. Mdogo wako amelijenga lile jina kwa jasho. Miaka yote hii nipo naye, najua. Ungemharibia kwa mchezo wa karata."

Upepo ulikuwa unanipiga shuka usoni, nikaliacha linipige.

"Nimekosa, Mkuu," nilisema.

"Sina kinyongo. Waandaaji wamekubali timu iendelee, watamweka mpwa wangu nafasi yako. Mtoto yule hajui hata ya chini ni ipi." Alijaribu kucheka. Kisha nikasikia anafungua kalamu. "Kuna kitu kimoja kimebaki. Wanataka maelezo yako yawe na jina lako halisi, na mimi nisaini kama shahidi kwamba nakufahamu. Sasa nimeshangaa mwenyewe hapa. Mwaka mzima tunacheza, na sijui unaitwa nani."

"Niite Pasi tu, Mkuu. Inatosha."

"Pasi si jina, Dada. Siwezi kusaini Pasi. Jina ulilopewa na wazazi wako."

Nilishika kamba ya kuanikia. Upande wa pili wa ukuta nilisikia mtu anamwaga ndoo. Mkuu alikuwa anangoja, ana subira ya watu wa mafaili, hakunihimiza.

Nikampa la mdogo wangu, lile alilopewa siku aliyozaliwa, ambalo tangu aondoke nyumbani na barua yangu hakuna mdomo uliolitamka. Halikuwa na mtu. Mkuu akalirudia polepole, akasema ni jina zuri, la zamani, halisikiki siku hizi. Akauliza linaandikwaje.

Nikamtajia herufi moja moja.